Maswali ya Wasomaji: JKT, JWTZ na Mwanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini

Kila mtihani wa kidato cha sita unapokaribia, barua zinazohusu Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) huongezeka mezani petu, nyingi zikitoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Shikamoo mhariri. Nimemaliza kidato cha nne kwa daraja la pili na nina miaka 18. Mjomba ananishauri niachane na kidato cha tano, niombe JKT ya kujitolea ili niingie jeshini mapema. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Tukuyu

Marahaba. Nenda kidato cha tano, na umwoneshe mjomba majibu haya.

JKT ya kujitolea ni mkataba wa miaka miwili, na si ajira. Tangazo lake hulisema hili waziwazi kila mwaka: JKT haitoi ajira kwa vijana wanaojiunga wala haihusiki kuwatafutia ajira, bali inawapa mafunzo ya kuwawezesha kujitegemea. Ukweli ni kwamba JWTZ na vyombo vingine vya ulinzi huchukua watu kutoka makambini, lakini huchukua idadi wanayoitaka kwa wakati wanaoutaka. Wengine humaliza mkataba na kurudi nyumbani.

Sasa tazama umri. Matangazo ya karibuni ya kuandikisha askari wa JWTZ yameweka kikomo cha miaka 24 kwa wenye elimu ya kidato cha nne na pia kwa wa kidato cha sita. Kikomo ni hichohicho. Ukienda kidato cha tano utamaliza cha sita ukiwa na miaka 20 au 21, kisha utaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu tu, na utatoka na cheti cha JKT ambacho matangazo hayo yamekuwa yakikitaka. Hutakuwa umepoteza kitu, na mlango wa chuo utakuwa bado wazi.

JKT ya kujitolea inamfaa kijana aliyekosa nafasi ya kidato cha tano na ambaye nyumbani hakuna uwezo wa kumlipia chuo cha ufundi. Huyo atajifunza kilimo, ufugaji, ujenzi au ufundi, mambo ambayo huko kwenu wilayani Rungwe yanampa mtu riziki. Maombi yake hayapelekwi makao makuu ya JKT. Yanaratibiwa na ofisi za wakuu wa wilaya na mikoa anakoishi mwombaji, kwa hiyo anzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na usome mbao za matangazo za wilaya.

Binti yangu anamaliza kidato cha sita Mei. Hii JKT ni lazima, au mtu anaweza kukataa? Na wasichana wanalala wapi? – Mzazi, Makambako

Kwa anayeitwa, ni wajibu wa kisheria, ndiyo maana inaitwa mujibu wa sheria. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Serikali ilipotaka wasomi nao waingie, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Oktoba 1966, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Mafunzo hayo kwa wahitimu wa kidato cha sita yalisimamishwa mwaka 1994, yakarejeshwa 2013. Ndiyo maana mzazi, wewe huenda hukuyapitia, ilhali kaka zako wakubwa wanayakumbuka vizuri.

Wasichana wana mahanga yao (mabweni ya kambini) peke yao, mbali na ya wavulana, na wanafanya kwata (gwaride), mchakamchaka na mafunzo ya silaha kama wenzao. Mjamzito hawezi mafunzo haya, kwa hiyo akapime kabla ya kusafiri kama kuna shaka yoyote. Kuligundua jambo hilo kambini, mbele ya kombania (kikosi) nzima, ni fedheha ambayo mzazi anaweza kumwepusha mwanawe.

Kijana mwenye ulemavu unaoonekana naye ana nafasi. Matangazo yamekuwa yakielekeza kundi hili liripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi mkoani Pwani, kwa sababu kuna miundombinu ya kuwahudumia. Asipelekwe kambi nyingine kwa kuwa tu iko karibu na nyumbani.

Mwaka jana kaka alitokea Kyela akapangiwa Mafinga, akarudi amekonda na miguu ina vidonda. Mimi nataka nijiandae. Nibebe nini na nianze lini mazoezi? – Mwanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), Kyela

Vifaa vinatajwa kwenye tangazo la kuitwa, na kwa miaka kadhaa orodha haijabadilika sana: bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni na isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, suti ya michezo ya kijani au bluu, nguo za baridi kwa wanaopangiwa mikoa ya baridi, na nauli ya kwenda na kurudi. Rangi si pambo. Ukienda na bukta nyeusi utatafutiwa nyingine, na dukani jirani na kambi bei ya wiki ya kuripoti haiwi sawa na ya Kyela sokoni.

Tatizo la kaka yako lilianza kwenye raba. Wengi hununua mpya siku mbili kabla ya safari, wanaingia nazo kambini, na siku ya tatu kisigino kina malengelenge. Nunua mapema, uzivae kwa wiki nne au tano hadi zilainike, na uchague zenye nafasi kidogo mbele ya kidole gumba, kwa sababu mguu huvimba ukikimbia. Lengelenge likitokea usilichune ngozi. Lisafishe, likauke, lifunike, na uende zahanati ya kambi kabla halijawa kidonda. Anayeficha kidonda ili aonekane mgumu ndiye anayeishia kulazwa.

Soksi: usiende na jozi mbili. Juni na Julai wilayani Mufindi, iliko Mafinga, kuna ukungu na mvua nyepesi, na soksi uliyofua jioni asubuhi bado ina maji. Kuvaa soksi mbichi kila siku ndiko kunakoozesha vidole. Beba jozi nne au tano.

Kyela iko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mafinga karibu mita 1,900. Kwa hiyo wiki ya kwanza utahema hata kwa mchakamchaka mwepesi, na hilo si ugonjwa, ni hewa. Mwili huzoea polepole. Kunywa maji hata kama baridi inakufanya usisikie kiu.

Mazoezi yaanze Februari, mara tatu kwa wiki. Anza na dakika 20 za kukimbia dakika mbili na kutembea moja, kisha punguza kutembea kadiri wiki zinavyokwenda. Usirukie kilomita kumi kwa pupa: maumivu ya ugoko yanayowasumbua makuruta wengi hutokana na kuongeza mbio haraka kuliko mifupa inavyoweza kuzoea. Ongeza pushapu na kuchuchumaa, basi. Mtihani ukifika, punguza, usiache kabisa.

Kwa wale wa Makete, Njombe na Mbeya mjini wanaopangiwa Ruvu, Kibiti au Nachingwea, shida ni ya upande wa pili. Aliyekulia kwenye baridi hajajengewa kinga ya malaria kama mtu wa Pwani. Dalili huja siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo homa ya wiki ya pili au ya tatu isidhaniwe kuwa uchovu wa fatiki (kazi za mikono za kambini). Omba kipimo siku hiyohiyo. Lala ndani ya chandarua hata kama joto linakubana.

Mwenye pumu, kifafa, kisukari au selimundu aende na barua ya daktari na dawa za miezi mitatu, na amwambie mhudumu wa zahanati siku ya kwanza. Baridi na vumbi la Mafinga mwezi Julai huamsha pumu iliyolala miaka mingi.

Matokeo yanatoka nikiwa kambini. Nitaombaje chuo na mkopo? – Mwanafunzi, Vwawa

Hapa ndipo vijana wengi hupoteza mwaka, tena bila sababu. Utaripoti mwisho wa Mei au Juni, matokeo hutoka Julai, na madirisha ya mkopo na ya udahili hufunguka katika miezi hiyohiyo. Tangazo la JKT lenyewe hutaka uende na nyaraka zinazohitajika kwa udahili: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na vinginevyo. Beba nakala mbili za kila kimoja ndani ya bahasha ya plastiki, na picha zake ziwe pia kwenye barua pepe yako.

Cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya Mei, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho. Uhakiki hufanyika mtandaoni na huchukua siku, na msimu wa maombi foleni huwa ndefu. Asiye na cheti kabisa aende ofisi ya mkuu wa wilaya akiwa na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cha shule ya msingi, pamoja na kitambulisho cha mzazi.

Fomu ya mkopo hujazwa mtandaoni kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne, kisha huchapishwa, husainiwa na mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu, halafu hupakiwa tena kwenye mfumo. Mtu wa kambini hawezi kuzunguka ofisi zote hizo. Kwa hiyo, kabla hujaondoka, chagua mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, mwandikie nywila zako kwenye karatasi, mwoneshe mfumo unavyofunguka, na ukubaliane naye na mdhamini ni nani na namba yake ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ni ipi. Sahihi yako ndiyo hawezi kukusaidia. Mpangilie namna fomu itakavyokufikia na kurudi.

Jambo dogo linaloangusha wengi ni namba ya simu. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hutuma namba maalumu ya kuthibitisha kwa ujumbe wa simu au barua pepe, na muda wa kuthibitisha ni mfupi. Kuruta hashindi na simu mkononi. Kama laini uliyojisajili nayo imezimwa ndani ya begi, ujumbe hautasomwa na nafasi itapita. Jisajili kwa laini itakayobaki nyumbani, inayowaka, mikononi mwa huyo uliyemchagua.

Nasoma stashahada ya uhandisi hapa MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Nataka kuwa ofisa, si askari wa kawaida. Niendelee na shahada kwanza? Nina miaka 22. – Mwanachuo, Mbeya

Piga hesabu ya umri kabla ya kitu kingine. Matangazo ya karibuni yametaka wenye stashahada wasizidi miaka 26, wenye shahada 27, na madaktari bingwa wa binadamu 35. Uhandisi ni miaka minne. Ukimaliza stashahada mwaka huu na kuanza shahada mara moja, utakuwa na 26 au 27, na tangazo halisubiri mtu, linaweza kutoka miezi michache baada ya wewe kuvuka. Tungekuwa wewe, tungeomba kwa stashahada tangazo la kwanza likitoka, na kuendelea na shahada iwapo hukuitwa.

Shahada peke yake haikupi nyota begani. Nyota hutoka Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, baada ya kozi ya uofisa, na anayehitimu hutunukiwa kamisheni na kuanza na cheo cha Luteni Usu. Kuchaguliwa kwenda huko hufanyika ndani ya jeshi, kwa kuangalia elimu, nidhamu na uwezo wako. Anayeingia akiwa fundi mzuri wa umeme au mitambo ana faida, maana jeshi lina magari, redio na majengo ya kutunzwa.

Maombi ya JWTZ yamekuwa yakiandikwa kwa mkono na kupelekwa Makao Makuu ya Jeshi, Dodoma, yakiambatana na nakala za kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na chuo, cheti cha JKT, na namba ya simu. Andika kwa hati inayosomeka. Usichore tatuu, hata ndogo: matangazo ya JKT yamekuwa yakikataa mwenye alama za kuchorwa mwilini, na ukikwama JKT umekwama na jeshi.

Cheti cha kuzaliwa kina jina la ukoo, cha kidato cha nne kina jina la babu, na NIDA ina la ubatizo mbele. Ni tatizo? – Mwombaji, Ilula

Ni tatizo kubwa, na linatatulika. Jina la cheti cha mtihani ndilo la kulifuata, kwa kuwa ndilo gumu kulibadili. Rekebisha NIDA na cheti cha kuzaliwa vilifuate. Kama tofauti haiondoki kwa marekebisho, mwone wakili akuandalie hati ya kiapo au ya kubadili jina, ukaisajili. Fanya hivi sasa, usisubiri tangazo: muda wa kuomba ni wa siku chache, marekebisho ni ya wiki kadhaa.

Kuna mtu Mwanjelwa anasema ana nafasi za jeshi, anataka laki nane, nusu kwanza. Amevaa sare na ana kitambulisho. – Mzazi, Mbeya

Usimpe hata shilingi. JWTZ haliuzi nafasi wala fomu, na JKT ni bure. Sare hushonwa, kitambulisho huchapishwa. Hata angekuwa askari wa kweli, unayempa fedha ni mla rushwa, na wewe unakuwa mtoa rushwa. Hifadhi ujumbe na namba aliyotaka utumie pesa, kisha piga TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, namba 113, bila malipo, au nenda kituo cha polisi kilicho karibu. Kama umeshampa nusu, nenda leo na risiti ya muamala, kabla hajaitupa laini.