Nunua Pistoni Kabla Bloku Haijakerezwa

Subaru Forester yangu ya turbo, yenye injini ya EJ20, ilianza kunywa oili mwezi mmoja hivi baada ya fundi kunifungia kidude cha kuongeza busti, ile presha ya hewa ambayo turbo inasukuma kwenye injini. Sikuyahusisha mambo hayo mawili. Niliona moshi wa buluu asubuhi nikasema ni sili za valvu, nikawa naongeza oili na kwenda zangu. Tulipokuja kufungua injini, pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imemeguka ule ukingo mwembamba ulio kati ya ringi (pete zinazoizunguka) ya kwanza na ya pili. Kipande chenyewe hatukukiona. Mikwaruzo yake kwenye silinda tuliiona vizuri sana.

Hapo ndipo nilipoingiwa na ule ugonjwa wa kusema, "Kama tayari imefunguliwa, basi tuweke za nguvu."

Nianze na jambo ambalo ningependa mtu angeniambia siku ile. Pistoni haiongezi nguvu. Nguvu inatoka kwenye hewa na mafuta unayoweza kuchoma kwa wakati wake. Pistoni imara inakununulia nafasi ya kukosea kidogo bila injini kuvunjika, na nafasi hiyo ina bei yake, mbali na ile unayolipa dukani. Hata kukereza silinda, yaani kuipanua kwa mashine, hadi saizi ya 0.50 (nusu milimita zaidi) hakukupi kitu. EJ20 ina kipenyo cha milimita 92 na mwendo wa pistoni wa 75, jumla 1,994 cc. Ukifika 92.5 unapata kama 2,016. Hizo cc 22 hata mguu wako hautazihisi.

Sababu halisi ya pistoni yangu kuvunjika ilikuwa kugonga, yaani mafuta kulipuka kabla ya wakati wake, na kugonga huko kulitokana na barabara ya Mombasa. Fundi alipima busti Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kidude kile cha mkono hakijui uko wapi: kinaongeza kiasi kilekile juu ya hewa ya mahali ulipo. Ukishuka hadi pwani, hewa ya kuanzia ni nzito kwa karibu moja ya tano, juu yake busti ileile, na juu ya hayo joto la Mombasa. Mimi nilikuwa nikifurahi kwamba gari "linakuwa na nguvu zaidi" kuanzia Voi. Kweli lilikuwa na nguvu zaidi. Lilikuwa pia linajiua.

Kwa hiyo nikaagiza pistoni za kufuliwa. Za kiwandani kwenye injini hii ni za kumimina: alumini inayeyushwa na kumwagwa kwenye umbo lake, zinatoka nyepesi kwa bei, zimetulia, hazitanuki ovyo, ila zikigongwa humeguka kama sahani. Za kufuliwa zinagandamizwa kwa mashine kubwa, nazo huja hasa kwa aloi mbili ambazo utaziona zimeandikwa kwenye maelezo: 4032 na 2618. Ya 4032 ina silikoni nyingi, karibu asilimia 12, hivyo haitanuki sana ikipata joto, na unaweza kuifunga kwa nafasi ndogo kati yake na ukuta wa silinda. Ya 2618 karibu haina silikoni. Ni laini zaidi, ikipigwa hujikunja badala ya kupasuka, na ndiyo maana watu wa mashindano huipenda. Lakini inatanuka sana, kwa hiyo ikiwa baridi lazima iachiwe nafasi kubwa.

Mimi nilichukua 2618, kwa sababu ilikuwa "ya mashindano." Nakwenda kazini na kurudi, na Jumamosi nampeleka mama sokoni. Mashindano yapi?

Kosa la pili lilikuwa baya kuliko hilo. Pistoni zilikuwa bado njiani, nami kwa pupa nikapeleka bloku karakana ya kukereza nikawaambia watoe saizi ya 0.50. Wakatoa, kwa mazoea. Pistoni zilipofika nikazipima: 92.42. Karatasi yake ilitaka nafasi ya 0.08, yaani silinda ya 92.50 kamili. Silinda mbili zilikuwa sawa, moja ilikuwa 92.49, na ya nne, ile ile ya matatizo, 92.53. Fundi wangu akaziangalia namba akasema, "Kijana, hiyo ni sehemu tatu tu za mia za milimita, funga tuone." Tukafunga tukaona.

Tulichokiona ni hiki. Asubuhi za Julai, Nairobi ikiwa na baridi yake, injini ilisikika kama lori la mchanga. Sketi za pistoni, zile kuta zake za chini, zilikuwa zinapigapiga ukuta hadi injini ipate joto. Hilo ningelivumilia. Lakini EJ20 ina kihisi cha kugonga kilichofungwa kwenye bloku, nacho hakiwezi kutofautisha kelele ya pistoni inayocheza na kelele ya mafuta yanayogonga. Kompyuta ikawa inasikia mlio, inaogopa, inarudisha taimingi nyuma, yaani inachelewesha cheche. Nilikuwa nimenunua pistoni za gharama kubwa ili nipate gari zito kuliko la kwanza, na bado linakunywa oili.

Mara ya pili nilitafuta bloku nyingine na kwenda kwa mzee mmoja wa mashine Industrial Area. Sikuwa hata nimemaliza kueleza aliponikatiza: "Pistoni ziko wapi?" Nikamwambia naagiza. "Basi rudi nazo. Mimi sikati shimo la mguu nisiouona."

Nikarudi nazo, safari hii za 4032. Alizipima moja moja kwa maikromita, chini kwenye sketi, upande ulio pembemraba na pini, kwa kimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Ukipima juu karibu na ringi utapata namba ya uongo, maana pistoni si mviringo kamili wala si nyoofu kutoka juu hadi chini. Kisha akaandika namba ya silinda kwenye kila pistoni kwa kalamu, na kukereza kila shimo kwa ajili ya pistoni yake. Bloku ya EJ ni nusu mbili, kwa hiyo alizifunga pamoja kwanza. Na wakati wa kumalizia alifunga bamba nene la chuma mahali pa hedi (kifuniko cha juu cha silinda), kwa bolti zilizokazwa kama hedi yenyewe ingekazwa. Alumini ikivutwa na bolti za hedi inajipinda, na silinda uliyoimaliza ikiwa duara haibaki duara ukishafunga. Uliza karakana yako kama wana bamba hilo la injini yako. Wakicheka, tafuta nyingine.

Upande wa kompresheni, yaani jinsi hewa na mafuta vinavyobanwa juu ya pistoni, niliacha ya kiwandani, na nakushauri uiache pia kama una turbo na unajaza mafuta ya kituo chochote njiani. Fanya hesabu kwanza. Silinda moja ya EJ20 inafagia karibu cc 499. Kwa uwiano wa 8 kwa 1, nafasi inayobaki juu ni cc 71. Kwa 9 kwa 1 ni 62. Tofauti ni cc 9, haijazi vijiko viwili vya chai. Ndiyo maana ujazo wa bonde lililo juu ya pistoni ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa, na pia uulize kama hedi yako imewahi kusagwa. Hedi iliyosagwa mara mbili na pistoni yenye bonde dogo zitakupa kompresheni ambayo hukuiagiza.

Muuzaji wa kweli anakupa karatasi: aloi, kipenyo, nafasi ya ukuta, bonde, umbali kutoka pini hadi juu, uzito, na nafasi ya ncha za ringi. Akikwambia "ni za Subaru, zitaingia," mwachie. Nilizipima uzito kwa mizani ya keki ya mke wangu, iliyopotea jikoni kwa siku mbili na kuleta maneno. Zilipishana chini ya gramu moja. Seti niliyowahi kuonyeshwa Kirinyaga Road, ndani ya boksi zuri kabisa, ilipishana gramu saba.

Ringi usizifunge kama zilivyotoka kwenye pakiti. Mimi niliweka nafasi ya ncha za ringi ya juu 0.46 ya milimita, ya pili zaidi kidogo, kwa kufuata karatasi. Ncha zikikutana kwa joto, ringi haina pa kwenda, inasukuma nje na kuvunja ukingo uleule uliokatika kwangu mara ya kwanza. Nafasi ikizidi kidogo utapoteza chembe ya kompresheni. Ikipungua, utarudi kufungua injini. Ukisita, zidisha.

Pesa zilizobaki zilikwenda kwenye kutuni kompyuta, siku nzima, na kidude cha mkono nikakitoa. Kama busti yako ni ya kiwandani na huna mpango wa kuiongeza, nunua pistoni za kiwandani mpya na pesa zote zilizosalia zipeleke huko huko kwenye kutuni. Nimeshuka Mombasa na kurudi mara nne tangu hapo. Asubuhi pistoni bado zinapigapiga ukuta kidogo kwa dakika moja hivi, kisha zinanyamaza, na kijiti cha oili hakishuki kati ya sevisi. Zile 2618 ziko chini ya kitanda, na fundi wangu ameshauliza mara mbili kama ninaziuza.