Miguu ya huyo mtoto wa mbwa isiguse chini nje ya geti

Mkuu, safari ya Jumamosi ifute. Ifute kwanza, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Umeandika kwamba mtoto wa mbwa mmemchukua juzi kwa mtu aliyemwokota, ana wiki 8 "au 9 hivi", ameshachomwa sindano moja, analia usiku kucha, mbwa wenu mkubwa anamnunia, hamjui mumpe chakula gani, na Jumamosi mnampeleka uwanjani acheze na mbwa wa majirani ili azoee. Wachangiaji wote hapo juu wamekimbilia kilio cha usiku, mara blanketi, mara saa ya ukutani, na hakuna hata mmoja aliyeigusa hiyo Jumamosi. Kilio hakijawahi kumuua mtoto wa mbwa. Uwanja unaua, kwa ugonjwa wa virusi uitwao parvo.

Sheria ni moja na nitairudia mpaka mnichoke: abebwe, asitembee. Nje ya geti miguu yake minne haigusi ardhi mpaka amalize chanjo zote za utotoni na zipite wiki 2 juu yake. Mkononi, kwenye kikapu, kwenye begi la mgongoni, mtajua wenyewe. Watu wakisema mmebeba mfalme, wacheni waseme. Mimi nilikuwa upande wa wachekaji, na kicheko kile nilikilipia, asante, tuendelee.

Shida ya sindano moja ni hii. Mtoto wa mbwa hunyonya kinga kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza kabisa ya mama yake. Kinga hiyo inamlinda, lakini inaipiga vita chanjo vilevile: sindano ikiingia, kinga ya mama inaizima kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Inapungua polepole. Kwa mmoja huisha akiwa na wiki 6, kwa mwingine inafika wiki 16, na kwa kumtazama tu huwezi kujua huyu wako ni yupi. Kibaya zaidi, kuna siku katikati hapo ambapo kinga ya mama imeshuka kiasi cha kushindwa kuuzuia ugonjwa, ila bado ina nguvu ya kuiharibu chanjo. Siku hizo mtoto yuko uchi, kadi mkononi mwako inasema amevaa.

Ndiyo maana daktari anarudia kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mtoto avuke wiki 16, halafu kuna nyongeza kati ya miezi 6 na mwaka mmoja. Sindano za utotoni hazirudiwi ili "kuongeza nguvu", wala si ujanja wa kutafuta hela (nililisema hilo pia, msinikumbushe). Daktari anatega mitego kadhaa, akijua mmojawapo utakuta kinga ya mama imeondoka. Ile ya wiki ya 8 ikiwa peke yake inaweza kuwa sawa na maji.

Sasa parvo yenyewe. Ilijulikana kwa mbwa mwaka 1978, na virusi vyake hufuata seli zinazozaliana haraka: utando wa utumbo na uboho wa mifupa. Utumbo unachubuka, bakteria wa kinyesi wanaingia kwenye damu, na muda uleule chembe nyeupe ambazo zingepigana nao zinaacha kutengenezwa. Mbwa anaanza kuvimwaga kwenye kinyesi kabla hajaonyesha dalili hata moja. Kinyesi kinakauka, mvua inakisomba, uwanja unang'aa, na virusi vimo udongoni kwa miezi, hata mwaka na zaidi. Kwa hiyo usiniambie mbwa wa majirani ni wazima na wamechanjwa. Nakubali. Mimi nauliza ni mbwa gani alipita hapo miezi 5 iliyopita.

Sasa nimgeukie huyo aliyekukabidhi. Ile sentensi ya "huyu ameshachanjwa, hana neno" naijua mpaka tabasamu lake. Namheshimu sana mtu anayeinama mtaroni kumtoa kiumbe. Lakini umtoe mtaroni kwa mikono miwili halafu umuue kwa sentensi moja, hesabu gani hiyo? Kuchanjwa nini? Lini? Bado ngapi? Angesema: "Amepata ya kwanza, bado mbili au tatu, msimtoe nje." Hayo tu. Hata pumzi hayamalizi.

Chukua kadi sasa hivi. Kichupa cha chanjo huwa na stika ndogo inayobanduka, yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Daktari huibandika kwenye kadi, kisha anaweka tarehe, sahihi na muhuri. Kwenye stika tafuta herufi kama DHPPi: P ile inayosimama peke yake ndiyo parvo, Pi ni kitu kingine. Ukikuta mwandiko wa kalamu tu, "chanjo" na tarehe, mhesabu kama hajachanjwa kabisa. Wakati mwingine hiyo "sindano" ni dawa ya minyoo, ambayo nayo anaihitaji (ukiona kwenye choo kitu kama tambi kinajikunja, ndiyo wenyewe), ila haizuii parvo hata kwa bahati. Na kama huyo aliyekukabidhi alimchoma mwenyewe nyumbani, muulize chanjo ilikaa wapi. Inatakiwa baridi ya nyuzi 2 hadi 8 tangu inatoka kiwandani. Iliyozunguka mfukoni mchana kutwa ni mapambo.

Hiyo "au 9 hivi" nayo inanitia wasiwasi. Mfunue midomo. Akiwa na wiki 8 ana meno ya utoto yote 28, membamba na makali kama pini. Ukikuta ya mbele yanang'oka na mapana yanachomoza, yuko miezi 3 hadi 4. Ukibaki na shaka, chukua umri mdogo, ili sindano ya mwisho ichelewe badala ya kuwahi.

Siku ya kumpeleka kwa daktari, hata pale usimweke chini. Hasa pale! Sakafu ya kungojea ndiko wagonjwa wote wanakopita. Akae mapajani au msubiri nje, na meza ifutwe kabla hajapandishwa.

Najua mtu atakuja kuniambia asipoiona dunia mapema atakua mwoga au mkali. Kweli kabisa, na mlango huo unaanza kufungwa kwenye wiki ya 12 hadi 14, haungoji chanjo ziishe. Kwani nimesema afungiwe? Nimesema abebwe. Mkononi atasikia pikipiki, ataona mwavuli ukifunguka, mzee mwenye fimbo, watoto wanaopiga kelele. Dakika 10 au 15, akianza kutetemeka au kupiga miayo bila usingizi, rudini. Wageni waje kwenu badala ya nyinyi kwenda kwao, mmoja mmoja, wakae chini, na waache yeye awafuate.

Viatu vibaki nje ya mlango, vyenu na vya wageni, maana virusi vinasafiri kwenye soli. Sakafu mnayoitilia shaka osheni kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, kisha jiki: kipimo 1 cha jiki kwa vipimo 30 vya maji, ibaki imelowa dakika 10 nzima, ndipo msuuze. Watu wengi hupangusa ikakauka baada ya dakika 1, wakasema jiki haifanyi kazi. Mchanganyiko wa jana mwage, umeshapoa nguvu. Jiki usiimwage juu ya mkojo, mvuke wake ni sumu. Na usihangaike kuimwaga kwenye udongo wa uani, uchafu wa udongo unaila klorini yote kabla haijafika popote. Zile dawa za sakafu zenye harufu ya maua zinaua harufu. Vitakasa mikono navyo haviigusi parvo, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.

Chakula: mpe kilekile alichokuwa anakula huko, hata kama hukipendi, mara 4 kwa siku, kidogo kidogo. Kubadilisha ni kwa siku 7, robo kwa robo. Maziwa ya ng'ombe hapana. Mengi huwaharisha, na ukishakuwa na mtoto anayehara kwa maziwa, parvo ikija hutaitambua, utakaa siku 2 unalaumu maziwa.

Dalili huja siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, wakati mwingine 14, kwa hiyo anaweza kuwa aliibeba kutoka alikotoka. Hesabuni hizo 14 tangu alipoingia kwenu. Ya kwanza ni ndogo mno: hainuki bakuli likigonga sakafu. Akisusa milo 2 mfululizo, ondokeni. Msingoje damu. Damu ni hatua ya mbele sana, baada ya kutapika povu na kuhara maji. Mkiwa njiani mbonyeze fizi kwa kidole mpaka iwe nyeupe, iachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au fizi zinanata kama gundi, maji yameisha mwilini na ukifika sema hivyo mlangoni, kabla ya kujaza fomu. Sema pia unashuku parvo, wasikupitishe katikati ya wengine. Kipimo cha kinyesi ni dakika chache tu. Kikisema hana na bado anatapika, dai kirudiwe kesho yake.

Tiba ni dripu kwa siku kadhaa na dawa za kuzuia kutapika na bakteria, kwa sababu hakuna kidonge cha kawaida kinachoviua virusi vyenyewe. Anayewahiwa ana nafasi nzuri ya kupona, asiyetibiwa kwa kawaida hufa. Atakayekuja hapa na yai bichi na mkaa wa kusaga, nitamjibu kwenye uzi wake, si hapa.

Hiyo kadi ipige picha, ziba jina na namba ya simu, uiweke hapa tuione stika. Na mtoto akiwa bado yuko chini hapo nje ya geti, kamnyanyue.