Kadi nne za GTX 980 Ti: umeme na joto

Ndugu, umeuliza kama pawasaplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme) ya wati 1,000 itatosha kadi nne za GTX 980 Ti, yaani kadi za michoro za Nvidia, kwenye kompyuta moja. Haitoshi. Kila kadi imepangiwa wati 250, kwa hiyo kadi peke yake zinamaliza zote. Prosesa na feni zitakula nini? Chukua ya 1,500 au zaidi. Na joto usilifanyie mzaha: karibu kila wati inayoingia inatoka kama joto, yaani umekaa na hita ya umeme miguuni. Mimi nilikuwa na mbili tu, zimebanana. Ya juu ilikuwa inavuta hewa ya moto ya mwenzake, ikifika nyuzi 84 inajipunguzia kasi yenyewe. Halafu gemu nyingi wala hazigusi kadi ya tatu.