Waya wa mita 20 unatosha
Kama unataka kurusha redio ya amateur (ya wapenzi wa mawasiliano ya redio) na huna nafasi, inawezekana kabisa, antena ya bendi ya mita 40 (masafa ya karibu megahezi 7) unaifunga hata kwenye ploti ndogo ya Kampala na mwenye nyumba asiione, tumia waya mwembamba wa shaba unaolishwa upande mmoja, yaani redio inaungwa kwenye ncha moja tu ya waya. Hesabu ya urefu ni 143 gawa kwa masafa ya megahezi, kwa 7.1 unapata mita 20 na kidogo, we acha mrefu kidogo halafu ukate polepole ukipima. Pale unapoanzia weka transfoma ya 49 kwa 1, maana mwisho wa waya ohmu (kipimo cha ukinzani) ziko juu sana na redio inataka ohmu 50. Waya huohuo utakupa pia bendi za mita 20, 15 na 10. Chukua wenye plastiki nyeusi au kijivu, utoke chini ya paa mpaka kwenye mwembe, ila usiulaze juu ya mabati, vipimo vyote vinahama na mawimbi hayatoki vizuri. Na jamani kaa mbali kabisa na nyaya za umeme!! Huku karibu na ziwa radi ni nyingi mno, wingu likianza tu kuwa jeusi chomoa antena kwenye redio. Leseni omba UCC (Tume ya Mawasiliano ya Uganda) kabla hujarusha mawimbi.