Maswali na Majibu: Jeraha la Zamani, Kiungo Kipya

Wiki hii nimezikusanya barua zinazohusu yabisi inayofuata jeraha, yaani kiungo kilichowahi kuvunjika, kuchomoka au kuchanika kano, na ambacho miaka baadaye kimelika gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) na kuanza kumtesa mwenyewe.

Swali: Niligongwa nikiwa kwenye bodaboda mwaka wa 2016, mfupa ukavunjika chini kidogo ya goti, nikawekewa vyuma. Sasa goti limepinda na siwezi kutoka stegi hadi nyumbani bila kupumzika njiani. Je, linaweza kubadilishwa? (Umoja, miaka 46)

Jibu: Linaweza, ila usidhani operesheni yako itafanana na ya jirani aliyebadilishiwa goti kwa sababu ya uzee. Goti lililovunjika huwa na makovu, misuli iliyokakamaa, mfupa uliopoteza mstari wake, na vyuma vilivyokaa pale pale ambapo kiungo bandia kinatakiwa kukaa. Kwa hiyo kazi huchukua muda mrefu zaidi, na hatari ya kuingia vijidudu huwa kubwa kuliko kwa goti ambalo halijawahi kupasuliwa.

Jambo la kwanza nitakalotaka kujua ni kama kidonda chako kiliwahi kutoa usaha. Hapa ndipo wagonjwa wengi hunyamaza, baadhi kwa kuogopa kunyimwa operesheni, wengine kwa kuamini kwamba yaliyopita yamepita. Vijidudu hujificha juu ya chuma miaka na miaka bila homa wala uvimbe, na kiungo kipya kikiwekwa juu yake vitakiharibu. Utapimwa damu, pengine maji ya goti yatavutwa kwa sindano yapelekwe maabara, na kukiwa na shaka yoyote ni salama zaidi kuvitoa vyuma kwanza, vipande vya nyama vichunguzwe, kisha goti liwekwe katika operesheni ya pili.

Tafadhali tafuta karatasi zako. Mgonjwa mmoja aliniletea eksirei yake ndani ya bahasha ya kaki inayonuka mafuta ya taa, picha ikiwa imejikunja kama mkeka. Tulihesabu skrubu nane, moja imekatika shingo, na nyuma ya picha palikuwa na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini iliyotaja aina ya plati, yaani bamba la chuma linaloushika mfupa. Karatasi hiyo ilikuwa na thamani kuliko picha, kwa sababu vichwa vya skrubu havifanani: vingine vina tundu la pembe sita, vingine la nyota, na bisibisi isiyolingana hukisaga kichwa mpaka chuma kikatae kutoka.

Swali: Daktari, goti linauma, nitumie dawa gani? (Kayole)

Jibu: Goti lipi, liliumizwa na nini, tangu lini, na una umri gani? Swali hili hunifikia kila wiki, na kila wiki linakuja bila hayo manne. Wakati unayatafuta majibu, acha kumeza diklofenaki kana kwamba ni peremende: dawa hiyo huchimba vidonda tumboni na kuumiza figo, na aliye na shinikizo la damu huumia zaidi.

Swali: Nilikuwa kiti cha mbele cha matatu iliyogonga lori, nyonga ikachomoka, ikarudishwa siku iliyofuata. Baada ya mwaka mmoja nikaambiwa kichwa cha mfupa wa paja kimekufa. Daktari mmoja anasema mimi ni mdogo mno kubadilishiwa nyonga. Ni kweli? (Ongata Rongai, miaka 34)

Jibu: Pole sana, dada. Goti linapogonga dashibodi, paja husukumwa nyuma na nyonga hutoka mahali pake, na mishipa midogo inayokilisha kichwa cha mfupa hunyongwa. Tunalenga kuirudisha ndani ya saa sita. Wewe ulilala nayo nje usiku kucha, na ninasikitika kusema kwamba hadithi yako si ngeni kwangu. Atakayeona nyonga imechomoka na akaambiwa asubiri kukuche, adai kuhamishwa usiku huo huo.

Kuhusu umri, tahadhari ya daktari wako ina historia. John Charnley alipoanzisha nyonga bandia ya kisasa huko Wrightington, Uingereza, mwaka wa 1962, alilenga zaidi wazee wasio na mikiki mingi, kwa kuwa plastiki ya ndani ilikuwa inalika. Vifaa vimeboreka tangu hapo. Chambuzi mbili zilizochapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet mwaka wa 2019 zilikadiria kwamba kama asilimia 58 ya nyonga bandia na asilimia 82 ya magoti bandia hudumu miaka 25. Wengi wa wagonjwa hao, hata hivyo, walikuwa wazee. Mtu wa miaka 34 ajiandae kisaikolojia na kifedha kwa operesheni ya pili maishani, pengine ya tatu, na kila inayofuata huwa ngumu kuliko iliyotangulia. Ukishalipima hilo, bado sioni sababu ya kumwacha mwanamke wa miaka 34 akichechemea hadi afike 60 ili tu tarakimu zipendeze. Tafuta daktari wa pili, na mwulize anafanya nyonga ngapi za aina yako kwa mwaka.

Swali: Mguu wangu ulivunjika gotini mwaka wa 1998, nikaungwa na mganga wa mifupa kijijini. Kila Julai unauma sana. Je, hii ni baridi? (Kawangware, miaka 67)

Jibu: Mzee wangu, baridi ya Julai inaweza kuongeza maumivu, lakini sio iliyoliharibu goti. Mvunjiko unaoingia ndani ya kiungo huacha ngazi kwenye uso wa mfupa. Hata ngazi ya milimita chache hukusanya uzito wa mwili mahali pamoja, na gegedu likishasagika halioti tena. Mganga anaweza kubahatika na mfupa wa katikati ya mguu, na sitamnyima sifa hiyo. Ngazi ndani ya goti hawezi kuihisi kwa kidole, hata akanda kwa mafuta gani.

Piga eksirei ukiwa umesimama, si umelala, maana goti lisilobeba uzito huficha mengi. Kwa sasa shika mkongojo kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Karibu kila mzee ninayemwona ameushika upande usiofaa. Kila kilo unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua.

Swali: Kifundo cha mguu pia hubadilishwa?

Jibu: Hubadilishwa. Kwa kijana anayebeba mizigo, hata hivyo, mara nyingi ni bora kuiunganisha mifupa iwe mmoja: kifundo hakitakunjika, lakini maumivu hupungua na hakuna kifaa cha kulika.

Swali: Nilichomwa sindano ya steroidi gotini wiki mbili zilizopita, na operesheni ni mwezi ujao. Nimwambie daktari? (Githurai)

Jibu: Mwambie leo. Operesheni inafaa kusogezwa mpaka miezi mitatu ipite, kwa sababu sindano hiyo huongeza hatari ya vijidudu. Na aliyekuchoma akijua una tarehe ya operesheni alikukosea.

Swali: Ni pesa ngapi?

Jibu: Omba hesabu kwa maandishi, uangalie kama imejumuisha kiungo chenyewe, kuvitoa vyuma vya zamani na fiziotherapia. Idhini ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ifuatilie kabla ya kulazwa.

Swali: Nikishabadilishiwa goti nililoumia, nitaweza kusujudu? (Eastleigh, miaka 58)

Jibu: Mama, kupiga magoti hakuvunji goti bandia, ingawa wengi huona linawasumbua. Kinachoamua ni kiasi unachokunja sasa: goti lililokakamaa kwa sababu ya jeraha huongezeka kukunjika kidogo tu, hata fundi akiwa hodari. Jiandae kuswali ukiwa umekaa kwenye kiti, hasa miezi ya mwanzo. Na kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, mtafute seremala kabla ya siku ya operesheni, atengeneze kiti chenye tundu na mikono ya kushikia, kirefu kiasi kwamba ukikaa magoti yasipite kimo cha nyonga.