Maswali ya Wasomaji: Chatu Mchanga Akae Kwenye Tangi, Plastiki au Mbao?

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, pokea salamu kutoka Nyegezi, jijini Mwanza. Mwezi uliopita, baada ya kukamilisha taratibu za kibali, nilipokea chatu mdogo wa aina ya chatu-mpira aliyezaliwa kwa mfugaji, ambaye sasa ana urefu wa sentimita 45 hivi na uzito wa gramu 80. Nilimwandalia tangi la kioo la lita 120 ambalo zamani nilifugia samaki, nikaliwekea kifuniko cha wavu wa chuma, tawi la kupandia na bakuli la maji, kwa kuwa nilitaka awe na nafasi ya kutosha tangu utotoni. Amekataa kitoto cha panya mara tatu mfululizo, mchana kutwa hujibanza pembeni, na juzi alipojivua gamba, lilimtoka vipandevipande. Jirani ananiambia nimtafutie sanduku la plastiki, na fundi seremala yuko tayari kunitengenezea la mbao. Nimsikilize nani? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Ndugu msomaji wa Nyegezi, nakushukuru kwa kueleza mambo kwa utaratibu na kwa kuanza na kibali. Chatu-mpira, ambaye kitaalamu huitwa Python regius, hapatikani porini hapa Tanzania. Asili yake ni ukanda unaoanzia Senegal, ukapita Ghana, Togo na Benin, hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda. Jamii nzima ya chatu imo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe wa porini, kwa hiyo karatasi zako zitunze kama unavyotunza hati ya kiwanja.

Sasa nije kwenye tangi. Kwa jinsi ulivyoeleza, dalili zote tatu zinaelekea mahali pamoja: nyoka wako ana hofu, usiku anapata baridi, na hewa iliyomo ndani ya tangi ni kavu kuliko inavyomfaa. Porini, chatu-mpira hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vilivyohamwa na mchwa, mahali penye giza, ambapo mwili wake unagusa ukuta kila upande na unyevu haupotei hata kiangazi kikikaza. Toto la gramu 80 linaweza kuliwa na ndege, na kenge, na hata na nyoka wenzake, hivyo mahali peupe ni mahali pa hatari kwake. Ukimweka ndani ya kioo kinachoonyesha pande zote nne, huku watu wakipita na televisheni ikiwaka, hawezi kutulia, na chatu asiyetulia hali chakula. Naomba unielewe vizuri hapa: ukubwa peke yake hauna ubaya, kwani tangi lako lingemfaa kama lingejaa maficho kutoka ukuta hadi ukuta. Kinachomtesa ni uwazi.

Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe. Chatu wa kwanza niliyemtunza nilimweka kwenye kioo sebuleni, katika nyumba ya bati isiyo na dari, nikajivunia jinsi alivyopendeza mbele ya wageni. Mchana joto lilipanda kupita kiasi, alfajiri kioo kilikuwa baridi kama jiwe la ziwani, naye alikaa wiki saba bila kula. Tangu hapo huwa nachagua makazi kwa kujiuliza nyoka atajisikiaje ndani yake, na suala la sisi kumwona naliacha baadaye.

Hali ya hewa yetu pia ina neno lake. Mwanza iko takribani mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na ingawa mchana tunafika nyuzijoto 27 au 28, usiku hushuka hadi 17 au 18, hasa kati ya Juni na Agosti, miezi ambayo pia ni mikavu. Chatu-mpira anahitaji upande mmoja wenye nyuzi 31 hadi 33, upande wa pili wenye 25 hadi 27, na usiku pasishuke chini ya 23. Unyevu uwe asilimia 60 hivi, uongezeke hadi 70 macho yake yanapoanza kuwa na ukungu kuashiria kwamba anakaribia kujivua gamba. Kifuniko cha wavu hutoa nje joto na unyevu kwa pamoja, na ndiyo maana gamba lilikatika.

Kwa hiyo, kwa umri alio nao, jirani yako ndiye mwenye shauri jema. Tafuta sanduku la plastiki ngumu lenye kifuniko cha vibano pande zote mbili, kama yale ya kuhifadhia nguo yanayouzwa katika maduka ya vyombo mjini, lenye urefu wa sentimita 50 hadi 60 na upana wa 35 au 40. Kipimo ninachokitumia ni hiki: urefu wa sanduku ukijumlishwa na upana wake usiwe mfupi kuliko nyoka. Liwe la rangi ya maziwa au lenye giza kidogo. Toboa tundu kwenye mbavu za sanduku kwa msumari uliopashwa moto, ukitobolea kutoka ndani kwenda nje ili makali yabaki nje, na tundu lisizidi milimita 5, kwa kuwa popote kichwa kinapopita mwili mzima utafuata. Usiweke kipande cha wavu wa kuvulia mahali pa kifuniko, hata kama ufukwe wetu wa ziwa umejaa nyavu chakavu, maana nyuzi zake humnasa nyoka na kumkata magamba.

Ndani, maficho ni mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, yanayofanana na yanayombana, ili asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Hapa sisi tuna bahati, kwani chungu kidogo cha udongo kilichovunjika ukingoni, kikifudikizwa, ni maficho bora kuliko mengi ya plastiki: ni kizito, ni cheusi ndani, na ukikilowesha hushika unyevu kwa muda mrefu. Sugua kingo zake kwa jiwe zisimkwaruze. Nusu ya kibuyu nayo inafaa, ila huota ukungu, kwa hiyo uibadilishe mara kwa mara.

Sakafuni tandika makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, au magazeti kwa wiki za mwanzo, kwa sababu kwenye karatasi utaona upesi kinyesi na utitiri. Maranda ya seremala usiyaguse kama hujui yametoka kwenye mti gani. Ya msindano na ya mierezi yana mafuta yenye harufu ambayo huumiza mapafu ya nyoka. Bakuli la maji liwe zito lisipinduke.

Joto litoke chini, kwa mkeka wa umeme uliowekwa nje ya sanduku, ukishika theluthi moja ya sakafu, na usiuwashe hata siku moja bila kidhibiti joto. Mkeka usiodhibitiwa huunguza tumbo la nyoka, naye hana akili ya kuondoka mapema. Weka kipimajoto kila upande, usitegemee kiganja chako.

Kuhusu mahali pa kuliweka: mbali na dirisha, mbali na spika za muziki, ndani ya chumba chenye dari. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo yenye maji, kwa sababu siafu wakimwingilia kiumbe aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Dawa za kupuliza mbu zisitumike katika chumba hicho kabisa, tumia chandarua.

Ukimaliza kuandaa, washa joto siku mbili kabla ya kumhamishia, kisha umwache wiki nzima bila kumshika, ukibadilisha maji tu. Baada ya hapo mpe kitoto cha panya usiku, taa zikiwa zimezimwa, mbele ya mlango wa chungu. Naamini atakula. Asipokula kwa wiki tatu zaidi na uzito ukashuka, muone daktari wa mifugo.

Fundi seremala usimwache aende mbali. Chatu huyu anaweza kuishi miaka 20 hadi 30, na jike mzima hufikia sentimita 120 hadi 150. Atakapozidi sentimita 75 muongezee nafasi, na ukubwani atahitaji sanduku la plaiwudi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 60, lenye mlango wa kioo mbele tu, likiwa limepakwa vanishi ya maji na kukauka wiki kadhaa hadi harufu iishe.

SWALI: Vijana wamemkuta mtoto wa chatu kwenye shamba la mpunga huku Magu. Je, nimweke kwenye sanduku la namna hiyo?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Huyo ni chatu wetu mkubwa, anayeweza kupita mita 4, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori, Na. 5 ya mwaka 2009, hairuhusu kumkamata bila kibali. Najua wengi wetu tumekua tukiwaona Bayeye, wale wacheza nyoka wa Kisukuma, wakicheza na chatu kule Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, siku za sherehe ya ngoma ya Bulabo, lakini ujuzi ule hufundishwa kwa miaka. Mwacheni aende zake, na kama amejikita karibu na nyumba, wapeni taarifa maofisa wanyamapori wa wilaya.

SWALI: Sengerema umeme hukatika usiku. Chatu-mpira wangu mdogo nimsaidieje?

JIBU: Saa tatu au nne za giza hazimuui. Funika sanduku kwa blanketi, ukiacha tundu za upande mmoja wazi, kisha weka chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa nje ya sanduku, upande wa joto, na uibadilishe inapopoa. Mshumaa au jiko la mkaa usiweke karibu. Anayehitaji haraka zaidi ni yule aliyekula ndani ya siku mbili zilizopita, kwa maana bila joto chakula hakisagiki, na kikioza tumboni atakitapika. Akitapika, usimpe tena kesho yake kwa huruma. Subiri siku 14, hakikisha joto limerudi mahali pake, kisha umpe mlo mdogo kuliko ule wa mwanzo.