Benchi Ndilo la Kutazamwa

SWALI: Mhariri, mimi na wenzangu chuoni hufuatilia mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani, na kila msimu unapokwisha tunabishana kuhusu timu zitakazotamba msimu unaofuata. Mwenzangu mmoja hushikilia kuwa chuo chenye mastaa wengi ndicho cha kutabiriwa. Je, ana haki?
Mpenzi wa Kikapu, Kondele, Kisumu

JIBU: Mwenzako hayuko peke yake. Kabla ya msimu wa 2023/24, waandishi wa michezo wa Marekani walipiga kura ya utabiri na kuiweka LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) ya kwanza, kwa kuwa ilikuwa bingwa mtetezi, nyota wake Angel Reese alikuwa angalipo, na Hailey Van Lith na Aneesah Morrow walikuwa wamehamia huko. South Carolina, iliyokuwa imeondokewa na wachezaji wote watano wa kikosi cha kwanza, wakaiweka ya sita. LSU ilichapwa na Colorado 92-78 katika mechi yake ya kwanza kabisa, ilhali South Carolina ilishinda mechi zake zote 38 na kutwaa ubingwa.

Kilichowaponyoka wapiga kura hao ni benchi. Kamilla Cardoso, Mbrazili mwenye kimo cha takriban mita mbili, alikuwa mchezaji wa akiba hadi nyota Aliyah Boston alipoondoka, naye alipopewa nafasi akawa mchezaji bora wa hatua ya mwisho. Katika fainali ya Aprili 2024, iliyoanza saa nne usiku kwa saa za kwetu, Caitlin Clark wa Iowa alifunga pointi 30, lakini wachezaji wa akiba wa South Carolina walifunga 37, na wale wa Iowa hawakuambulia hata moja. Mechi iliisha 87-75.

Baada ya benchi, chunguzeni magoti. Paige Bueckers alikosa msimu mzima wa 2022/23 kwa jeraha la goti, na timu yake, UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut), iliyokuwa imefika nusu fainali katika mashindano kumi na manne mfululizo, ikaishia njiani.

Mimi huanza na South Carolina ya Dawn Staley na UConn ya Geno Auriemma, ambaye yuko hapo tangu 1985, kwa sababu makocha hao huandaa warithi kabla pengo halijatokea. Bishaneni kuanzia nafasi ya tatu, tena baada ya dirisha la uhamisho kufungwa.